Kilima cha Kanyaruchinya kwa Mwendo wa Matoleo

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la kituo cha afya, kikopo cha makohozi mkononi, na hujui macho yako uyaelekeze wapi, sogea kidogo nikae nawe. Nilikaa hapo kabla yako. Najua ubao mmoja wa benchi lile unabana nguo, na najua kila anayepita anaangalia kikopo kwanza, halafu ndipo anakuangalia wewe. Usijali. Nimeandika haya kwa ajili yako, na nakuambia mapema kwamba mwisho wake ni mzuri, usije ukasoma huku moyo unakudunda bure.

Naitwa Masika, lakini mtaa mzima wa Majengo, hapa Goma, unaniita Mama Gloire, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Nauza viazi na karoti za Kibumba kwenye soko la Virunga. Hiyo ni kazi. Kitu ninachokipenda ni klabu yetu ya kukimbia. Asiyeijua Goma nimweleze: asubuhi na mapema, kabla maduka hayajafunguliwa, utasikia vishindo vya miguu barabarani na wimbo juu yake. Ni klabu za mitaa. Watu wanakimbia kwa mistari, vijana, akina mama, baba wenye vitambi, na pembeni yao anakimbia mmoja anayeanzisha wimbo, wengine wanaitikia. Bila wimbo hakuna mbio. Na mwenye wimbo ndiye mwenye mwendo: akiimba haraka, miguu yote inaenda haraka; akivuta sauti, wote wanavuta hatua. Kwa miaka mingi mwenye wimbo wa klabu yetu nilikuwa mimi. Sijisifu, kaulize Majengo.

Ugonjwa ulinianza wakati wa kiangazi, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani ni watu wa Goma tu wanaolifanya. Kiangazi mji wetu wote unakohoa. Mawe ya volkano yakisagwa na magari yanageuka vumbi jeusi, vumbi linaingia puani, kwenye sufuria, kwenye shuka, na kila mtu ana kikohozi chake. Nilipoanza kukohoa sikushtuka. Nilisema ni vumbi. Jirani akasema ni vumbi. Mama wa Kibumba anayeniletea viazi akasema ni vumbi, akaniletea na asali. Nikanywa tangawizi mpaka nikawa nanuka tangawizi. Mvua zikarudi, vumbi likalala, majirani wote wakaacha kukohoa, nikabaki mimi peke yangu.

Mume wangu Paluku ni fundi wa pikipiki, mtu wa maneno machache. Usiku mmoja aliketi kitandani akanisikiliza, halafu akasema, "Mama Gloire, vumbi inalalaka usiku. Kikoozi yako hailalake."

Kesho yake alinipeleka mwenyewe, nikakutana na lile benchi.

Muuguzi wa pale alikuwa Papa Jérémie, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alituita ndani, mimi na Paluku, akafunga mlango, akaongea kama mtu anayetaja bei ya kitunguu. "Ni tebe, mama. Kifua kikuu. Lakini inaponaka. Utakuwa unakuya hapa kila asubuhi, utameza mbele yangu, na mimi nitakuangalia mpaka imeshuka."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Utanichoka."

Sikumchoka. Ila nilimchukia kidogo siku ya kwanza, kwa sababu alikuwa amenieleza jambo fulani na mimi, kwa hofu, sikulisikia. Nilifika nyumbani, nikaenda msalani, nikapiga kelele iliyomtoa Paluku chini ya pikipiki. "Papa Gloire, kuya! Niko nakufa!" Mkojo wangu ulikuwa na rangi ya Fanta. Paluku akachungulia, akafuta mikono na kitambaa chake cha oili, akasema, "Ni dawa. Papa Jérémie alikuambia. Na mimi nilisikia." Akarudi kwenye pikipiki yake. Basi na wewe nimekuambia: ukiona Fanta, usiite mtu.

Mwili wangu ulikuwa umekuwa wa mtu mwingine. Kitenge nilichokuwa nakizungusha mara moja na kukaza, sasa kilinizunguka mara mbili na bado kikateleza. Pete ya ndoa ilianguka kwenye beseni la viazi, tukaitafuta na wateja. Nilikuwa nalowa jasho usiku hadi godoro likaanikwa nje kila asubuhi, na kila aliyepita akajua. Mikono yangu ilinitisha. Ilikuwa mikono ya bibi yangu, ile niliyoishika alipokuwa anakufa kule Butembo.

Na nyumbani kulikuwa na kikombe chekundu. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Butembo kutusaidia na watoto, alininunulia kikombe cha plastiki, chekundu, changu peke yangu. Kilikaa dirishani, mbali na vingine. Mimi nilikiosha, mimi nilikirudisha. Siku moja nilimwangalia tu, na yeye akajibu kama vile nimeuliza. "Si chuki, mutoto wangu. Batoto bangali badogo." Nilijua si chuki. Iliniuma vilevile. Paluku naye alihamia kwenye kochi, kwa maagizo, na usiku tuliongea kupitia ukuta wa mbao kama wapangaji wawili.

Miezi miwili ya dawa kubwa ilipokwisha, makohozi yakapimwa, yakawa safi. Papa Jérémie akasema sasa siambukizi mtu tena, nibaki kumalizia dawa za miezi iliyosalia. Nilitoka pale nikanunua mandazi, nikawagawia waliokuwa kwenye benchi. Paluku alirudi kitandani usiku uleule. Mama mkwe aliposikia alishukuru Mungu kwa sauti, akasubiri siku kadhaa, halafu akakitoa kikombe chekundu dirishani, akakipandisha juu ya kabati. Hakukitupa. Nilikiona, na yeye alijua nimekiona.

Nilimaliza dawa mvua kubwa zikiwa zinapiga mabati. Papa Jérémie alinipandisha kwenye mizani, akatabasamu, akanipa mkono. Nilikuwa nimepona. Na asubuhi iliyofuata klabu ilipita mbele ya nyumba.

Nilisikia vishindo kwa mbali nikatoka hadi getini, nimejifunga shuka. Msichana wa saluni anayeitwa Solange ndiye aliyekuwa na wimbo wakati huo, na alikuwa anauimba ule wangu, nilioutunga mimi: "Kilima kiko wapi?" na watu wanajibu, "Kiko mbele!" Walipofika kwangu wakapunga mikono, wakanipigia kelele za furaha, na Solange akaninyooshea kidole kama kusema, chukua mama, ni wako. Nikafungua mdomo. "Kilima kiko..." Pumzi ikaishia hapo. Sikupata hata "wapi." Nilishika geti, nikahema, nao wakapita.

Nililia siku ile kuliko siku niliyoambiwa nina tebe. Kufa niliogopa kwa muda tu. Lakini kuishi bila kuimba nikikimbia, hilo sikujua nitaliwezaje. Nilirudi kwa Papa Jérémie nikamwambia amenidanganya.

"Umepona," akasema. "Lakini mapafu yako iko na kovu. Pumuzi itarudi, si yote, lakini mingi. Ila itabidi ifundishwe."

"Nani ataifundisha?"

"Si mimi. Mimi najua kumezesha batu dawa. Tafuta mutu anajua mambo ya sport, na umwambie ukweli."

Basi nikaanza kutafuta kocha, mimi, mama wa viazi, mwenye miguu kama vijiti vya kukorogea uji. Paluku alicheka, halafu akaona sicheki, akaacha.

Wa kwanza alikuwa kocha wa filimbi, maarufu sana, anayefundisha vijana wa mpira. Alinipokea uwanjani kwa maneno haya: "Hapa hatubembelezanake!" Akapuliza filimbi, nikakimbia. Mzunguko wa kwanza haukuisha nikalala chali juu ya kokoto, naangalia mawingu. Akaja, akasimama juu yangu, akapuliza tena filimbi. Nadhani alitarajia niinuke. Nililala nikacheka hadi nikakohoa, naye akaenda zake akidhani nina kichaa.

Wa pili alikuwa kijana mtanashati mwenye saa kubwa inayohesabu mapigo ya moyo na simu iliyojaa mistari ya rangi. Aliongea vizuri. "Mama, na programu hii, mezi tatu tu, utakimbia mpaka Bunagana, kule mupakani."

"Nikafanye nini Bunagana?"

Lakini jambo lililonitoa kwake si Bunagana. Tuliongea muda mrefu, akanionyesha mistari yote ya rangi, na hakuniuliza hata mara moja nilikuwa naumwa nini.

Wa tatu nilielekezwa na mteja wangu sokoni. Espérance, mwalimu wa mazoezi kwenye shule ya wasichana, mzaliwa wa Rutshuru, mrefu, mwenye kicheko kinachosikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Nilimkuta mlangoni pa shule anatafuna mahindi ya kuchoma. Nikamweleza shida yangu. Akatafuna, akameza.

"Dawa ulimaliza yote?"

"Yote."

"Nani alikuwa anakupatia? Twende kwake."

"Leo?"

"Sasa. Siwezi kuguza mwili ya mutu bila kujua imepita wapi."

Akaja kituoni, akakaa kwenye benchi letu, katikati ya wanaokohoa, kitambaa puani kama sisi wote, akasubiri zamu kama mgonjwa. Watu waliokuja nami kwenye benchi lile katika maisha yangu walikuwa wawili tu, mume wangu na yeye. Papa Jérémie alimweleza kila kitu, naye akauliza maswali ambayo mimi sikuwahi kuyafikiria. Tulipotoka akaniuliza la mwisho. "Unataka kufika wapi?"

"Nataka kupanda mpaka Kanyaruchinya na klabu, nikiwa naimba."

Yeye anaishi Goma, anajua barabara ile ya kaskazini inavyopanda, inavyokudanganya kwamba ni tambarare, kisha magoti yanakuambia ukweli. Nilisubiri kicheko chake. Hakucheka.

"Sawa," akasema. "Lakini utanilipa na viazi, na utanisikia."

Kwa hiyo ushauri wangu wa kuchagua kocha ni mfupi: mwache anayekueleza atakachokufanyia, mshike anayekuuliza.

Alianza kunifundisha kutembea. Kutembea! Nilidhani ananitania. Asubuhi na mapema tulitembea kwenye barabara za Majengo, kwenye mawe meusi, na wanawake wa sokoni wakipita na mizigo kichwani walikuwa wanatupita na kutusalimia huku wakiwa mbele. Chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zilitupita na magunia ya makaa. Mzee mwenye fimbo alitupita, akageuka kuhakikisha. Nikitaka kuongeza hatua, Kocha Espérance ananishika kitenge kwa nyuma.

"Imba," anasema.

"Niko natembea."

"Ndiyo. Imba. Ukishindwa kuimba, ni kusema unaenda mbio kupita mapafu yako. Mudomo yako ndiyo saa yetu."

Hapo ndipo shida ikaanza. Mimi wimbo ninaoujua wa barabarani ni wimbo wa mbio. Nikiimba "Kilima kiko wapi," miguu inasikia, inaanza kukimbia yenyewe, na baada ya nyumba tatu nimeinama nashika magoti. Tulijaribu mara nyingi. Miguu yangu haikutaka kusikia lugha nyingine. Kocha akakuna kichwa, akakaa juu ya jiwe, akafikiri. Yeye ni Msabato, na mimi ni Mkatoliki.

"Kwenu kanisani," akaniuliza, "ni wimbo gani munatembeaka nayo polepole kupita yote?"

"Ya mazishi."

"Ee! Apana, hatuzike mutu hapa. Ingine."

Nikafikiri. "Ya matoleo."

Hakujua ni nini, ikabidi nimwonyeshe. Kwetu siku ya Jumapili watu hawaendi altareni mikono mitupu, wala hawaendi kwa haraka. Wanapanga mistari miwili, huyu na mkungu wa ndizi, yule na beseni la maharage, mwingine na kuku aliyefungwa miguu, na wanakwenda wakicheza: hatua mbili mbele, moja nyuma, mabega yanayumba, kwaya inavuta sauti utadhani Misa haina mwisho. Kutoka mlangoni hadi altareni ni mwendo wa muda mrefu. Bibi wa miaka themanini anaufanya na hahemi.

Kocha alisimama akaniangalia nikicheza peke yangu barabarani. Halafu akapiga makofi. "Ile! Ile ndiyo natafutaka! Nifundishe!"

Nikamfundisha. Na hivyo ndivyo majira yale ya mvua yalivyopita: wanawake wawili barabarani, mmoja ametoka kwenye kifua kikuu, mwingine Msabato anayekosea hatua, wanacheza matoleo bila toleo lolote. Mbwa walitubwekea. Siku moja mama mmoja aliyekuwa anafagia mbele ya nyumba yake alisimamisha ufagio akauliza, "Bamama, munapeleka nini?"

"Mapafu!" Kocha akamjibu, na yule mama akafanya ishara ya msalaba.

Nilicheka miezi ile kuliko miaka mingi iliyotangulia. Na polepole, huku nacheka, hatua ya nyuma tukaiondoa. Zikabaki mbili mbele. Halafu tukazifanya fupi na nyepesi, na nikagundua kwamba nilichokuwa nafanya tayari ni kukimbia. Kukimbia polepole sana, ndiyo, lakini miguu yote miwili ilikuwa inatoka chini, na mdomo wangu ulikuwa unaimba hadi mwisho wa ubeti.

Halafu klabu ikatukuta. Tulikuwa karibu na kona ya soko, na wakatokea nyuma yetu, Solange mbele, wimbo wangu umepamba moto. Kocha alinishika kitenge lakini kitenge kilimbakia mkononi, nikaenda na suruali ya michezo niliyokuwa nimevaa ndani. Niliingia katikati ya mstari, watu wakapiga kelele, na nikaimba, na kwa muda mfupi nilikuwa mimi mwenyewe tena. Kisha kifua kikawaka. Nilijikuta nimeegemea ukuta wa mawe, nakohoa, na kwenye kitambaa kulikuwa na mstari wa damu.

Sitakueleza hofu ile, utakuwa unaijua. Tulirudi kwenye benchi. Makohozi yakapimwa upya, kifua kikapigwa radio, yaani picha ya eksirei, tukaambiwa tusubiri majibu siku kadhaa. Niliporudi nyumbani jioni ya kwanza, kikombe chekundu kilikuwa kimeshuka kutoka juu ya kabati. Kilikuwa dirishani. Nilikinywea maji nikaenda kulala.

Majibu yalikuwa mazuri. Ugonjwa haukurudi, nilikuwa nimejikaza kupita kiasi na lile kovu likatoa damu. Daktari alitaka nipumzike, nirudi aniangalie, ndipo nianze upya taratibu. Lakini Paluku alikuwa amekwisha kuamua. Kocha alipokuja nyumbani kuniona, alimkuta amesimama mlangoni.

"Madame, viazi yako utapata. Lakini kukimbia imekwisha. Mimi nimeuguza muke yangu mara moja. Mara ya pili siwezi."

Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo. Nilimwonea huruma, na nilikasirika, vyote pamoja. Nikamwambia, "Papa Gloire, usiniponye ndani ya nyumba. Kama ni kupona, nipone mpaka barabarani."

Kocha hakubishana. Alingoja tunyamaze, akasema tu, "Docta akimuruhusu, siku ya kwanza kuya na sisi. Uone mwenyewe. Ukisema tuache, tutaacha."

Wiki zikapita, daktari akaruhusu, na Paluku akaja, na buti zake za gereji, uso umekunjwa. Tukampanga kwenye mstari. Hatua mbili mbele, moja nyuma; tulikuwa tumeanza upya kabisa. Mwanzoni alitembea kama mtu anayesindikiza mwizi polisi. Lakini yeye ni mtoto wa kanisa, alibeba ndizi altareni tangu akiwa na meno ya utoto, na wimbo ulipoingia mabega yake yakaanza kuyumba yenyewe. Tulifika mbali. Alipoomba tupumzike, mimi nilikuwa katikati ya ubeti na sikuwa nahema. Alikaa juu ya jiwe, akavua buti moja, akakung'uta kokoto.

"Mama Gloire," akasema, "endelea tu."

Kiangazi kingine kikaja na vumbi lake. Kocha akanifunga kitambaa puani, akanipeleka kwa njia za ziwani ambako hewa ni nzuri zaidi. Niliongezeka mwili, kitenge kikarudi kuzunguka mara moja. Mvua za Septemba zilipoosha mji, klabu ikatangaza mbio zake kubwa za mwaka: kutoka Majengo kupanda hadi Kanyaruchinya, Jumapili, Misa tutasali jioni.

Maagizo ya Kocha yalikuwa wazi. Nikae mkiani. Nikichoka nitembee. Na wimbo wa Solange nisiuitikie hata kwa kunong'ona. "Masikio ufunge. Wee uko na wimbo yako ndani. Imba ile kwa kimya, na ukiwa na pumuzi, huko juu, itoe."

Tuliondoka alfajiri, mvua imekatika, mlima wa Nyiragongo umejitokeza wote na moshi wake kidogo. Nilikaa mkiani na Kocha, na mama wawili wazito, na baba mwenye kitambi aitwaye Kambale. Mbele, Solange alikuwa anaimba vizuri ajabu. Msichana yule ana sauti. Nilimpenda kwa ajili ya sauti yake hata siku nilipomwonea wivu. Ila alikuwa na furaha mno, akaanza juu na haraka, na miguu ya vijana ikamfuata. Barabara ilipoanza kupanda, mstari ukavutika. Wa mbele wakaenda, wa katikati wakabaki, wa nyuma tukabaki zaidi. Kambale akashika kiuno. Mama mmoja akasema anarudi nyumbani. Nikawaza, basi, kila mwaka tunafika hivi, vipande vipande, wengine hawafiki kabisa, na hata mimi nilipokuwa na wimbo ndivyo nilivyowafikisha.

Kwenye kona ambapo akina mama wanapanga viazi vyao kando ya barabara, sauti ya Solange ikakatika. Alijaribu tena, ikatoka nusu. Halafu kimya. Klabu yetu, kimya! Zikasikika nyayo tu, kila mmoja na zake, na watu wakihema.

Nikajisikiliza. Nilikuwa na pumzi.

Nikamwangalia Kocha. Akainua mabega, kama kusema, mdomo ni wako.

Nikaanzisha wimbo wa matoleo. Sauti ya kwanza ilitoka na mchanga, ya pili ikatoka safi. Mtu mmoja mbele akacheka. Lakini nakuambia, hakuna Mkatoliki wa Goma anayeweza kusikia wimbo ule asiitikie; mdomo unafunguka kabla hajaamua. Mama aliyetaka kurudi nyumbani akaitikia. Kambale akaitikia. Ikapanda mstari mzima, mtu kwa mtu, hadi kwa vijana kule mbele, na kwa kuwa mwenye wimbo ndiye mwenye mwendo, miguu yao ikapungua. Wakageuka kuangalia. Wakatusubiri. Akina mama wa viazi wakasimama, wakaanza kucheza palepale walipo. Na sauti kubwa kuliko zote, nje kabisa ya tuni, ilikuwa ya Kocha wangu Msabato.

Nilitoka mkiani nikapita pembeni ya mstari, taratibu, hatua mbili fupi, mbili fupi, hadi nikafika kwa Solange. Alikuwa analia. Nikamshika mkono, tukaimba pamoja. Nilikuwa nalia na mimi, naimba na kulia kwa pumzi moja, na pumzi ikatosha. Tuliingia Kanyaruchinya wote, mstari mzima, hakuna aliyebaki njiani.

"Mama Gloire," Solange akaniuliza akijifuta uso, "pumuzi ile ulikuwa unaificha wapi?"

"Sikuificha. Niliifundisha."

Mama mkwe alikuwa ametutangulia, amebebwa na Paluku kwa pikipiki. Alikuwa amesimama kando ya barabara na dumu la mutobe, juisi ya ndizi anayoitengeneza mwenyewe, na alikuwa amebeba kikombe kimoja tu. Kile chekundu. Akajaza, akanipa, nikanywa hadi nusu. Akakichukua mkononi mwangu, na mbele ya klabu nzima akanywa ile nusu iliyobaki. Hakukifuta. Akakijaza tena, akampa Solange, Solange akampa Kocha, Kocha akampa Kambale, na kikombe kikazunguka watu wote hadi dumu likaisha.

Sasa sikiliza, wewe wa benchi. Meza dawa zako zote, hata siku unayojisikia mzima. Ukiona Fanta, nyamaza. Anayekutengea kikombe anaogopa tu, mpe muda. Na siku ukipona, usiwafuate walio mbele kwa mwendo wao.

Solange bado ana wimbo wa klabu, na anauweza kuliko nilivyouweza mimi. Lakini tukifika kwenye ile kona ya viazi, kila tunapopanda, anageuka kunitafuta kwa macho, na mwendo unabadilika. Wanachama wapya huuliza kwa nini pale tunaimba polepole hivyo, kama watu wanaokwenda altareni. Wanaambiwa kilima kile ndivyo kinavyoimbwa. Mimi sijibu, maana wakati huo nakuwa naimba.